Jinsi Upendeleo Wetu Unavyotuchagulia Habari, na Namna ya Kuudhibiti: Mwongozo Kamili

Mtu anapowasha redio, anapofungua gazeti au anapoishika simu yake asubuhi, huamini kwamba ni yeye anayechagua habari za kusoma. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini sehemu kubwa ya uchaguzi huo imekwisha kufanyika kabla kidole hakijagusa kioo: amekwisha kuamua ni mtangazaji gani anayeaminika, ni gazeti gani lisilofaa hata kuguswa, na ni aina gani ya kichwa cha habari cha kupitwa bila kufunguliwa. Maamuzi hayo huja kimyakimya. Hayajitambulishi kuwa ni upendeleo; hujitokeza kama mazoea, kama kukosa muda, au kama hisia tu kwamba habari fulani "haina jipya".

Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja moja ninayoiamini kwa dhati: upendeleo katika kuchagua habari hauonekani kwa kujiuliza moyoni, bali huonekana kwenye nyayo tunazoziacha. Kwa hiyo kazi iliyomo humu ni ya daftari na kalamu. Inahitaji majuma mawili ya kuandika, kisha takribani miezi mitatu ya kubadilisha mambo machache.

Kwa nini kujichunguza moyoni hakutoshi

Mwaka 2002, wanasaikolojia Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross walichapisha utafiti uliowauliza watu ni kwa kiasi gani wao wenyewe, na watu wengine, huathiriwa na aina mbalimbali za upendeleo. Kwa jumla, washiriki walijiona kuwa wameathirika kidogo kuliko wenzao. Jambo la kutafakari zaidi ni kwamba wale waliojikadiria kuwa bora kuliko wastani, hata baada ya kusomewa maelezo ya namna upendeleo huo unavyomfanya mtu ajikadirie hivyo, wengi walishikilia kwamba makadirio yao yalikuwa sahihi. Sababu yake inaeleweka. Tukijichunguza, tunakutana na nia zetu, na nia zetu huwa njema. Wenzetu tunawahukumu kwa matendo yao. Mtu anayejiuliza "Je, nina upendeleo?" atatazama ndani, ataona kwamba anataka ukweli, naye ataridhika.

Inafaa pia kuondoa dhana kwamba tatizo hili limeletwa na mitandao ya kijamii. Mwaka 1940, katika kampeni za urais wa Marekani, mwanasosiolojia Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia watu wapatao 600 katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakiwahoji tena na tena kuanzia Mei hadi Novemba. Walikuta kwamba watu walisikiliza na kusoma zaidi propaganda za chama walichokuwa wamekwisha kukipenda. Hapakuwa na intaneti, wala programu ya kumpangia mtu habari. Walikuwa na redio na magazeti, na mikono yao wenyewe ilitosha kuchuja.

Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza chanzo cha tabia hiyo mwaka 1957 katika nadharia yake ya msigano wa mawazo: mtu akibeba akilini mambo mawili yasiyopatana, hupata usumbufu, na hutafuta njia ya kuupunguza. Njia rahisi kuliko zote ni kutokutana na jambo la pili. Ndiyo maana tunaanzia kwenye kuchagua. Hata hivyo, upendeleo hauishii hapo: hufanya kazi tunapochagua cha kusoma, hufanya kazi tunapopima tulichokisoma, na hufanya kazi tena tunapokumbuka. Mtu anayerekebisha sehemu ya kwanza pekee atasoma mengi kutoka pande zote na bado atatoka na msimamo uleule, ukiwa umekazwa zaidi.

Hatua ya kwanza: andika ulichokifungua, na pia ulichokipita

Chukua daftari la karatasi. Nasisitiza karatasi kwa sababu simu ndiyo inayochunguzwa, na ukiishika ili kuandika utajikuta unaperuzi. Kwa siku 14, upande wa kushoto wa daftari andika kila habari au makala uliyoifungua, kila kipindi ulichokisikiliza, na kila video ya habari uliyoitazama zaidi ya nusu dakika. Kila mstari uwe na mambo manne: saa, habari yenyewe kwa maneno machache, ilikufikiaje, na ulijisikiaje kabla ya kumaliza aya ya kwanza. Upande wa kulia andika vichwa vya habari ulivyoviona ukavipita. Huwezi kuviandika vyote. Andika vitatu au vinne kwa siku, vile ulivyovipita kwa haraka zaidi au kwa kukereka.

Upande huo wa kulia ndio wenye thamani kubwa. Kila mtu anaweza kueleza vizuri kwa nini alisoma alichokisoma. Alichokipita hakina maelezo, na pengine kesho hatakumbuka kwamba kilikuwapo.

Naweka hapa mistari mitatu ya daftari langu la mwanzo, kama nilivyoiandika. Wakati huo nilikuwa na msimamo mkali kwamba simu zinawadhuru watoto.

"Saa 1:10 asubuhi. Makala: simu zinaharibu usingizi wa watoto. Imetumwa na rafiki. Nimeridhika. Nimesoma hadi mwisho, nimewatumia watu watatu."

"Saa 1:25 asubuhi. Kichwa: watafiti watilia shaka madhara ya simu kwa watoto. Kimejitokeza kwenye simu. Nimekereka. Sijafungua."

"Saa 3:00 usiku. Kichwa kilekile tena. Nimefungua. Nimeshuka moja kwa moja hadi chini kutafuta ni nani aliyeugharamia utafiti."

Mstari wa pili ulinionyesha nilichokuwa nakikwepa, lakini wa tatu ndio ulionishtua, kwani kutafuta mfadhili wa utafiti ni jambo jema na kila msomaji makini angepaswa kulifanya. Ila asubuhi ile, kwenye makala iliyoniridhisha, halikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa na vipimo viwili: kimoja cha wageni na kimoja cha jamaa. Nisingeligundua hilo kwa kukaa na kutafakari, kwa maana kila tendo, likitazamwa peke yake, lilikuwa la haki.

Usijaribu kubadilika katika siku hizi 14. Ukianza kujirekebisha siku ya tatu, daftari litakuwa picha ya mtu unayetamani kuwa, nalo halitakufaa kwa kazi inayofuata.

Hatua ya pili: lisome daftari kana kwamba ni la mtu mwingine

Liache kwa siku mbili, kisha lisome kama mkaguzi asomaye hesabu za ofisi asiyoijua. Jiulize: kama daftari hili lingeokotwa barabarani, aliyeliokota angesema mwenye nalo anaamini nini? Ikiwa angeweza kutaja misimamo yako mitano kwa kutazama tu orodha ya ulivyovisoma, umekwisha kupata jibu la kwanza.

Halafu hesabu. Hesabu ni habari ngapi juu ya mambo yenye mvutano zilikubaliana na msimamo wako, ngapi zilipingana nao, na ngapi hazikuegemea popote. Katika zile zilizopingana, weka alama kwenye zile ulizozifungua kwa nia ya kuelewa, na alama nyingine kwenye zile ulizozifungua ili upate kasoro. Tofauti hii utaijua wewe tu, na inataka ukweli wa nafsi.

Tazama pia safu ya "ilikufikiaje". Wengi hudhani kwamba mashine ndiyo inayowapangia, kisha wakihesabu hukuta kwamba nusu ya walivyosoma vimetoka kwa watu watatu au wanne wanaowatumia viungo kwenye WhatsApp. Watu hao ni wahariri wako, uwe umewateua au la. Sisemi uwaache, sema nao, ishi nao vizuri, lakini wajue kwa kazi hiyo wanayokufanyia.

Neno moja la tahadhari kabla ya kuendelea. Si kila kutolingana kwa hesabu ni upendeleo. Chombo kilichokwisha kuthibitika mara nyingi kwamba husahihisha makosa yake hadharani kinastahili kuaminiwa kuliko kile kisichosahihisha kamwe, na mwenye muda mchache ana haki ya kwenda kwa anayemwamini. Tena, kuna mambo ambayo ushahidi wake umekwisha kutulia, na kulipatia dai la uongo muda sawa na dai la kweli si usawa. Unachokitafuta kwenye daftari ni mahali ambapo imani imetolewa bila kustahiliwa, au shaka imetolewa bila sababu.

Hatua ya tatu: andika misimamo yako kabla ya kusoma zaidi

Chagua mambo matano unayoyafuatilia sana kwenye habari. Kwa kila moja andika sentensi moja ya msimamo wako, namba kati ya 0 na 100 kuonyesha una uhakika kiasi gani, na, jambo gumu kuliko yote, sentensi moja ya kueleza ni ushahidi wa aina gani ungekushusha kutoka namba hiyo. Ikiwa sentensi hii ya mwisho inakataa kuja, jambo hilo liwekee alama nyekundu. Si lazima msimamo wako uwe wa makosa, lakini umeusimika mahali ambapo habari haziufikii.

Weka tarehe, kisha usirudi kubadilisha maandishi hayo. Baada ya miezi mitatu utataka kujua ulianzia wapi, na kumbukumbu yako itakuambia kwamba siku zote ulikuwa unafikiri kama unavyofikiri wakati huo.

Hatua ya nne: geuza matokeo

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu kuliko penginepo, kwa kuwa ndiyo hatua yenye ushahidi mzuri wa kufaa na ndiyo inayosahaulika haraka.

Mwaka 1979, Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwakusanya wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga. Kila mmoja alipewa muhtasari wa tafiti mbili, mmoja ukionyesha kwamba adhabu hiyo hupunguza mauaji na mwingine ukionyesha kwamba haipunguzi. Njia za utafiti zilibadilishanwa baina ya washiriki, hata ile njia iliyounga mkono kwa huyu ikawa inapinga kwa yule. Kila upande uliona utafiti uliokubaliana nao kuwa ndio uliofanywa vizuri zaidi, na kila upande uliona mapengo ya ule mwingine. Mwishoni, baada ya kusoma ushahidi uleule wa pande mbili, makundi hayo yalijiona yameimarika zaidi katika misimamo yao ya mwanzo.

Tazama maana yake kwa mpango wa "kusoma pande zote mbili". Watu hawa walisoma pande zote mbili, na hakuna aliyewaficha chochote. Kilichokosekana kilikuwa kipimo kimoja.

Mwaka 1984, Lord na Lepper, safari hii pamoja na Elizabeth Preston, walirudia jaribio hilo kwa kuongeza maagizo. Kundi moja liliambiwa liwe la haki kadiri iwezekanavyo, lisiwe na upendeleo, lipime kama jaji. Agizo hilo halikusaidia. Kundi lingine liliambiwa lijiulize, katika kila hatua ya kutathmini, kama lingetoa alama zilezile endapo utafiti huohuo ungekuwa umeleta matokeo ya upande wa pili. Agizo hili lilipunguza upendeleo kwa kiasi kikubwa. Ndiyo sababu mwongozo huu haukuambii popote uwe mtu wa haki. Tayari unadhani u mtu wa haki, na kukuagiza hivyo hakukupi kazi yoyote ya kufanya.

Kwa vitendo, fanya hivi. Ukimaliza kusoma habari iliyokuridhisha, kabla ya kumtumia mtu yeyote, funga macho uigeuze: waandishi haohao, idadi ileile ya waliohojiwa, chombo kilekile, ila hitimisho ni kinyume. Je, ungeiamini? Ungeuliza nini ambacho hukuuliza? Kwa habari iliyokukera, fanya vilevile: ikiwa mwandishi huyuhuyu, kwa ushahidi huuhuu, angesema unachokiamini, ungemwita mzembe? Andika jibu kwa mstari mmoja kwenye daftari. Ukiliacha kichwani litageuka utetezi.

Nilipoigeuza ile makala ya usingizi wa watoto, niligundua kwamba ilitegemea majibu ya wazazi waliojaza dodoso mara moja tu. Kwa ushahidi kama huo huwezi kujua kama simu ndiyo iliyoharibu usingizi, au kama mtoto asiyepata usingizi ndiye aliyeichukua simu. Kama makala hiyo ingesema simu hazina madhara, hoja hii ningeitoa kwa sauti kubwa mbele ya yeyote. Bado naamini watoto walindwe. Lakini namba yangu ilishuka kutoka 95 hadi 70, na wale watu watatu niliowatumia niliwaandikia kuwaeleza.

Mazoezi haya yachukue dakika mbili kwa habari moja, mara moja kwa siku. Ukiyafanya kwa kila habari utachoka baada ya siku nne na kuyaacha yote.

Hatua ya tano: mchague mpinzani anayestahili kusikilizwa

Watu wengi wakiamua kusikia upande wa pili huenda kwa msemaji wake mwenye kelele, wakasikiliza kwa dakika kumi, wakarudi nyumbani wakiwa na hakika zaidi. Hilo limewahi kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Christopher Bail na wenzake waliwalipa watumiaji wa Twitter nchini Marekani wafuate kwa mwezi mmoja akaunti iliyokuwa ikisambaza ujumbe wa viongozi na watu mashuhuri wa upande wa pili wa siasa. Wafuasi wa chama cha Republican, ambacho ni cha kihafidhina, waliofanya hivyo wakawa wahafidhina zaidi. Kwa wafuasi wa chama pinzani cha Democratic badiliko la kuelekea upande wao lilikuwa dogo, wala halikuweza kutofautishwa na bahati nasibu.

Kwa hiyo uteuzi uwe wa makini. Mtafute mwandishi ambaye watu wa upande wako, wale unaowaheshimu, humjibu kwa hoja badala ya matusi. Awe ni mtu aliyewahi kukiri kosa lake hadharani, na anayeweza kueleza msimamo wako kwa maneno ambayo wewe mwenyewe ungeyakubali. Awe wa maandishi kuliko wa video, kwa kuwa uso na sauti ya mtu usiyempenda vitakushughulisha kabla hoja haijafika. Mmoja anatosha kwa kila jambo ulilolitia alama nyekundu. Msome kwa majuma sita kabla ya kumhukumu.

Ukimsoma, kazi yako ya kwanza ni kuandika hoja yake yenye nguvu zaidi kwa sentensi tatu. Jibu litakuja baadaye, pengine kesho yake. Wanaoanza na jibu hujikuta wanajibu kitu ambacho hakikusemwa.

Hatua ya sita: rekebisha mashine

Ingawa mashine haikuanzisha tatizo, imelirahisishia njia. Tangu Desemba 2009, Google ilianza kumpangia matokeo ya utafutaji hata mtu asiyeingia kwenye akaunti yake, na mitandao mikubwa ya kijamii nayo ilifuata mkondo wa kupanga machapisho kwa kukisia kitakachomshika mtumiaji. Mwandishi Mmarekani Eli Pariser aliipa hali hiyo jina lililoenea duniani mwaka 2011: kiputo cha kichujio (filter bubble). Hofu hiyo imetiwa chumvi mara nyingine. Mwaka huohuo wanauchumi Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro walionyesha kwamba, kwa Marekani, utengano wa kiitikadi kwenye habari za intaneti ulikuwa mdogo kuliko ule wa maongezi ya watu wanaokutana ana kwa ana. Lakini mashine hujifunza kutokana na vidole vyako, na vidole vyako umekwisha kuviona kwenye daftari.

Zima uchezaji wa video unaojiendesha wenyewe. Zima arifa za habari zote isipokuwa za dharura. Futa historia ya ulivyotazama kwenye YouTube, kisha uone ukurasa wa mwanzo utakavyoonekana. Pale mtandao unaporuhusu, panga machapisho kwa muda yalipowekwa. Weka alama kwenye kivinjari za vyombo vinne au vitano, kati yake kimoja kiwe cha yule mpinzani uliyemchagua, na uwe unavifungua moja kwa moja badala ya kungoja uletewe. Kazi hii inamalizika kwa saa moja.

Hatua ya saba: toka nje ya ukurasa

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwatazama wanahistoria, wanafunzi wa chuo kikuu na wahakiki wa habari wa kazini wakitathmini tovuti. Mojawapo ya kazi ilikuwa kulinganisha tovuti za vyama viwili vya madaktari wa watoto nchini Marekani vyenye majina yanayofanana: American Academy of Pediatrics, kilichoanzishwa mwaka 1930 na chenye wanachama makumi ya maelfu, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wasomi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakipima muundo wake, marejeo yake na lugha yake, na wengi walishindwa kuona tofauti. Wahakiki walifungua vichupo vipya (kurasa nyingine za kivinjari) karibu mara moja, wakatafuta wengine wanasema nini juu ya vyama hivyo, na wakarudi kusoma wakiwa wanajua wanamsoma nani.

Jambo hili linahusu upendeleo kwa njia ya moja kwa moja. Ukurasa unaokubaliana nawe utakuonyesha sababu za kuuamini. Umeandikwa kwa kusudi hilo. Kabla ya kusoma aya ya pili ya chanzo usichokijua, fungua kichupo kipya na uulize ni nani hao. Ufanye hivyo hasa pale ambapo hujisikii haja ya kufanya.

Hatua ya nane: usiamini hasira yako kuwa ni kipimo cha mwandishi

Mwaka 1985, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper waliwaonyesha wanafunzi vipande vilevile vya taarifa za televisheni juu ya mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut, Lebanon, mwaka 1982, wakati jeshi la Israeli lilipokuwa limeuvamia mji huo. Waliounga mkono Israeli waliona taarifa hizo zinaipinga Israeli, na waliounga mkono Waarabu waliona zinaipendelea. Watazamaji walikuwa mbalimbali, lakini picha zilikuwa zilezile. Miaka mingi kabla ya hapo, jambo kama hilo lilikwisha kuonekana katika michezo: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walioonyeshwa filamu ya mchezo mkali kati ya timu yao na ya chuo cha Dartmouth, uliochezwa Novemba 1951, waliona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe.

Kwa hiyo, ukikasirika kwamba chombo fulani "kimenunuliwa", usikitupe bado. Tafuta mtu wa upande wa pili alivyoisema habari hiyohiyo. Ikiwa naye analalamika kwamba imempendelea adui yake, huenda mbele yako kuna taarifa ya kawaida ambayo imekunyima ulichokizoea. Haithibitishi kwamba taarifa ni sahihi, kwa maana pande mbili zinaweza kulalamikia taarifa mbovu, lakini inakuondolea hasira kama ushahidi.

Hatua ya tisa: linda kumbukumbu

Charles Darwin alieleza katika tawasifu yake kwamba kwa miaka mingi alifuata kanuni moja: kila alipokutana na ukweli, uchunguzi au wazo lililopingana na matokeo yake ya jumla, aliliandika bila kukosa na papo hapo, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mambo ya namna hiyo humtoka mtu akilini upesi kuliko yale yanayompendeza. Anasema ni kwa sababu ya desturi hiyo kwamba pingamizi chache tu zilitolewa dhidi ya maoni yake ambazo yeye hakuwa amekwisha kuziona na kujaribu kuzijibu.

Tenga kurasa za mwisho za daftari kwa kazi hiyo. Kila ukikutana na jambo linalotikisa mmoja wa misimamo yako mitano, liandike siku hiyohiyo pamoja na mahali ulipolipata. Neno "papo hapo" ndilo lenye uzito. Ukisema utaliandika jioni, jioni utakumbuka kwamba kulikuwa na makala fulani yenye kasoro.

Kinyume chake nacho kina hatari. Lynn Hasher na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba kauli iliyorudiwarudiwa huonekana ya kweli zaidi kwa sababu tu imesikika mara nyingi. Dai unaloliona kila siku kwenye makundi yako linapata uzito bila kuongezewa ushahidi wowote. Kila unapojiambia "hili linajulikana na kila mtu", tafuta kwenye daftari ni vyanzo vingapi tofauti vimelisema, maana mara nyingi utakuta ni kimoja kilichosambazwa mara arobaini.

Hatua ya kumi: rudia hesabu baada ya miezi mitatu

Mwezi Septemba 2020, David Broockman na Joshua Kalla waliwalipa baadhi ya watazamaji wa kudumu wa Fox News, kituo cha televisheni cha kihafidhina cha Marekani, dola 15 kwa saa ili kwa mwezi mmoja watazame CNN, kituo chenye mwelekeo tofauti, hadi saa saba kwa juma. Watazamaji hao walijifunza mambo ambayo kituo chao hakikuyapa nafasi, na baadhi ya maoni yao yalibadilika. Malipo yalipokoma, wengi walirudi kwenye kituo chao cha zamani, na mabadiliko mengi yakafifia. Hayo ndiyo yatakayokupata ukiichukulia kazi hii kama tiba ya mara moja.

Kwa hiyo, siku ya tisini, andika tena kwa siku saba kama ulivyofanya mwanzoni, kurasa mbili kwa mpangilio uleule. Liweke juma hilo bega kwa bega na juma la kwanza la daftari lako. Usianze na hesabu ya upande wa kushoto, kwa kuwa huo utakuwa umebadilika kwa sababu tu unajua unachunguzwa. Anza na upande wa kulia: vile ulivyovipita. Kisha nenda kwenye zile namba tano, uandike mpya pembeni ya za zamani bila kuzifuta. Ikiwa hata moja haijasogea, juu wala chini, katika miezi mitatu ya kusoma, rudi hatua ya tatu na uiandike upya ile sentensi ya kueleza ni ushahidi gani ungekushusha. Mara nyingi uliiweka mahali pa juu mno. Ikiwa namba zote zimeshuka kwa pamoja, angalia kama umeacha kupima na kuanza kutilia shaka kila kitu, kwa kuwa mtu asiyeamini chombo chochote naye hubaki anachagua kwa hisia. Na kama moja imepanda kwa sababu mpinzani uliyemsoma kwa majuma sita alishindwa kujibu swali moja la msingi, liandike swali hilo chini ya namba, pamoja na tarehe.